Betri ya sola: soma herufi C kabla ya kutoa hela

Wasomaji wananitumia malalamiko yale yale: "Dada, nimeuziwa betri ya 200Ah, mbona inazima saa nne usiku?" Naomba picha ya ubavuni. Nikiikuza, mara nyingi nakuta maandishi madogo: C100.

Hapo ndipo watu wanapoibiwa. Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme ambao betri inabeba) peke yake haisemi kitu mpaka ujue imepimwa kwa saa ngapi, na hizo saa ndizo namba iliyo mbele ya C. 200Ah kwa C100 maana yake ilivutwa ampea 2 tu kwa saa 100, siku nne na zaidi. Nani anaishi hivyo? TV, feni na friji ndogo kwenye volti 12 hufika ampea 20 kirahisi, na betri ya risasi (ile ya kawaida ya asidi) ikivutwa kwa kasi hiyo hutoa umeme pungufu. Halafu nusu ya uliobaki huruhusiwi kuugusa, maana ukiikausha kila usiku inakufa mapema. Na joto je? Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, nasi tunaiweka stoo chini ya bati!

Chaguo langu la kwanza ni lithiamu iliyoandikwa LiFePO4 (aina ya chuma na fosfeti), na kwa mfumo wa volti 48 nachukua chapa ya Pylontech. Modeli yao ya US2000C ina kWh 2.4 na karibu zote unazitumia, hata ukizivuta haraka. Ni ghali, sikatai. Lithiamu na shaba yake zimechimbwa pia, lakini kobalti ya migodi ya Kolwezi, Kongo, haimo, na inadumu miaka mingi kabla ya kudai madini mengine.

La pili ni jeli (betri ya risasi ambayo asidi yake ni nzito kama jeli), ikiwa imeandikwa C10 au C20, yaani imepimwa kwa saa 10 au 20. Inyanyue dukani: ya volti 12, 100Ah, hukaribia kilo 30. Ukiiinua kwa mkono mmoja bila shida, risasi ya kutosha haimo.

Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Iache.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Bei "njoo inbox", stika mpya imebandikwa juu ya ya zamani, na betri ikifa hakuna anayeipokea. Inauzwa kwa kilo na kuyeyushwa uani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliingiza sumu ya risasi kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri inayokufa haraka ndiyo inayolisha matanuru ya namna hiyo, na anayekuuzia C100 kama C10 anajua kabisa itakufa haraka.

Mwambie muuzaji aandike C kwenye risiti, pamoja na ahadi ya kuipokea ikichakaa. Akigoma, nenda duka la pili.