Video ya Kujitambulisha au Usaili wa Moja kwa Moja?
Mwalimu wa Kiswahili anayeomba kazi ya kufundisha mtandaoni hukutana na usaili wa namna mbili. Video ya kujitambulisha, kama ile inayotakiwa na majukwaa ya kufundishia mtandaoni ya italki na Preply, humruhusu kurudia hadi sauti na mwanga vimridhishe. Usaili wa moja kwa moja ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndio unaostahili maandalizi mengi: somo fupi la majaribio, simu iliyochajiwa yenye kifurushi cha intaneti endapo umeme utakatika, na hesabu ya saa, jambo ambalo ni rahisi kulisahau, kwani saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni Dar es Salaam mwezi Julai, lakini ni saa kumi na moja mwezi Januari.