Kizimba cha mtoto wa mbwa: kipi ununue, kipi uache

Mtoto wa mbwa wa wiki nane anatafuna waya wa friji, sandali na kona ya zulia, yote asubuhi moja. Kizimba cha paneli, kisicho na paa wala sakafu, kinampa mahali pa kucheza salama wakati huwezi kumkodolea macho. Kabla ya kuuliza bei, angalia uwazi kati ya fito na kimo cha kizimba. Uwazi upime kwa kichwa chake cha leo. Kimo kipime kwa mwili atakaokuwa nao miezi mitano ijayo. Wengi hufanya kinyume: kizimba kifupi chenye mianya mikubwa, na wiki ya kwanza tu kichwa kimenasa.

Kwa mbwa mdogo kama Maltese, kimo cha sentimita 60 kinatosha. Mbwa wa kienyeji anahitaji 90. Mbwa mkubwa kama German Shepherd au Boerboel, anzia 100, na ujue kwamba akifika miezi sita ataweza kuruka nje akiamua.

1. Paneli za kuchomelea kwa fundi

Kwa nyumba yenye uwanja au baraza, hiki ndicho cha kwanza. Ni kizito, mbwa hakisukumi, na kikivunjika kinatengenezwa mtaani. Mpe fundi vipimo kwa maandishi: paneli sita, kila moja upana sm 90 na kimo sm 100, fremu ya paipu ya mraba ya inchi moja, nondo laini za mm 6 zilizosimama wima, 18 kwa kila paneli. Hapo uwazi unabaki chini kidogo ya sm 4. Sisitiza asiweke nondo ya kulala katikati, wala wavu wa miraba, maana mtoto wa mbwa anaufanya ngazi. Paneli ziungwe kwa vipande vifupi vya bomba na pini ndefu ya nondo inayopita ndani yake, ili uweze kuzifungua na kuzihamisha.

Usipokee kazi kwa macho. Pitisha kitambaa chakavu kwenye kila kiungo: kikinasa, kuna ncha ya kuchomelea iliyobaki, na itachana ulimi au kope. Mrudishie apige tupa kabla ya rangi. Baada ya rangi, subiri hadi harufu iishe kabisa.

2. Kizimba cha waya cha kukunja

Kinafaa kwa wanaoishi ghorofani au wanaohamahama. Kwa kawaida ni paneli nane za sm 60. Ukizipanga duara unapata kama mita 1.7 za mraba, ukizipanga mraba unapata 1.4. Shida yake ni wepesi: kwenye vigae, mtoto wa mbwa anakisukuma hadi jikoni. Vigingi vinavyokuja nacho ni vya nyasi tu, kwa hiyo ndani ya nyumba kifunge kwenye grili ya dirisha. Chagua chenye mlango wa komeo mbili, juu na chini. Komeo likiwa moja la juu, kona ya chini inapanuka akisukuma na pua, ndipo anapopenya. Ukanda wa pwani, kutu huanzia pale rangi ilipochubuka kwenye maungio. Kama waya umepakwa zinki na mbwa wako ni mtafunaji, usikinunue: zinki ikimezwa ni sumu.

3. Plastiki

Chepesi, hakishiki kutu. Lakini meno ya utotoni yakianza kung'oka, karibu miezi minne, kitatafunwa. Kwa mbwa mdogo tu.

4. Kitambaa chenye zipu

Cha safarini, ukiwa karibu naye. Mkojo unaingia kwenye mishono na harufu haitoki.

Kukitumia

Mvue mkanda wa shingoni kila anapoingia. Ukinasa kwenye fito unaweza kumnyonga.

Mpaka chanjo za parvo, kirusi hatari kwa watoto wa mbwa, zikamilike, yaani hadi wiki ya 16 au zaidi, weka kizimba kwenye saruji au vigae, si kwenye udongo waliopita mbwa wengine. Kirusi hicho hukaa udongoni kwa miezi mingi. Sakafu ioshe kwa sabuni kwanza, kisha Jik, sehemu moja kwa 20 za maji, iache dakika kumi, suuza, ikauke.

Kitanda kiwe upande mmoja, magazeti ya kukojolea upande wa pili, bakuli zito la maji katikati. Kivuli kiwepo hata saa nane mchana, jua linapokuwa limehama.

Siku ya kwanza acha mlango wazi na umlishe humo. Kesho yake funga dakika tano, kisha kumi, ukiwa unaonekana. Akilia kidogo, subiri anyamaze hata kwa sekunde chache ndipo umtoe. Akihema kwa nguvu, akitokwa udenda na kujigonga kwenye fito, hiyo ni hofu: mtoe, urudi kwenye mlango wazi. Wa miezi miwili asikae humo mfululizo zaidi ya saa tatu. Kama kazi yako ni ya kutwa nzima, panga mtu wa kumtoa kila baada ya saa tatu kabla hujamleta nyumbani.