Kionyesha spidi cha GPS kwa HiAce ya zamani: kinachofaa na kisichofaa

Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta kifaa cha kukuonyesha spidi ya kweli, utawekewa kwenye kaunta vifaa vya aina mbili vinavyofanana kwa sura. Kimoja huchomekwa kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia kompyuta ya gari) chini ya usukani, kingine husoma setilaiti. Kwa HiAce ya zamani, kile cha OBD kiache hapo hapo. HiAce za muundo wa H100, za dizeli, zenye injini ya 2L, 3L au 5L hazina soketi hiyo. Na hata gari iliyo nayo, kifaa kinachukua taarifa ileile inayopelekwa kwenye dashibodi, kwa hiyo ukiwa umebadilisha saizi ya tairi kitarudia kosa lilelile.

Cha GPS ndicho cha kununua. Hakijali tairi, kebo (waya unaozunguka kutoka gia boksi hadi spidomita) wala gia boksi. Gari ikitembea kwa mwendo usiobadilika mahali palipo wazi, ni nadra kukosea kwa zaidi ya kilomita 1 kwa saa. Chagua chenye skrini yake. Vile vinavyorusha namba kwenye kioo cha mbele husomeka vizuri usiku, lakini saa sita mchana jua la Nairobi huzifuta kabisa. Kipate umeme wa volti 12 kutoka waya unaozimika ukitoa ufunguo, la sivyo kitanyonya betri usiku kucha. Kikae mbele ya dashibodi, karibu na kioo, kione anga. Ukibandika tinti yenye chembe za chuma juu yake, umekifunga macho.

Udhaifu wake ni mjini. Chini ya barabara ya juu ya Expressway pale Uhuru Highway, na katikati ya majengo marefu, namba hurukaruka au huganda. Ukishika breki, kinachelewa sekunde moja au mbili. Ndiyo maana hakiwezi kuchukua nafasi ya spidomita, na usikitegemee kuhesabu kilomita za sevisi. Kazi yake bora ni kuwa rula ya kupimia mshale wako.

Nenda nacho Southern Bypass Jumapili alfajiri na mtu wa kuandika. Shika 40, kisha 60, kisha 80 za mshale, kila moja kwa sekunde 20 bila kuongeza wala kupunguza mafuta, na uandike GPS inasema nini. Halafu linganisha kilomita 10 za dashibodi na kilomita za safari kwenye simu. Hapa ndipo ugonjwa hujitaja wenyewe. Kilomita zikiwa sawa lakini mshale ukikosea, tatizo limo ndani ya saa ya spidi: sumaku imechoka (mshale unasoma chini) au springi nyembamba imelegea (unasoma juu). Kilomita na mshale vikikosea kwa asilimia ileile, tazama tairi au ile gia ndogo ya plastiki kwenye gia boksi. Kosa la mshale likiwa kilomita zilezile kwa saa, tuseme 6 pungufu kila mahali, mshale umeteleza kwenye mhimili wake, na fundi wa dashibodi anaurudisha kwa muda mfupi.

Mshale ukizidisha kidogo, usihangaike. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake: ukiwa 80 kweli, mshale unaweza kusema hata 92. Hatari ni ule unaopunguza.

Na unaopunguza mara nyingi umeletwa na tairi. 195/70R15 ina kipenyo cha milimita 654. Ukiweka 195/80R15 ili gari isiguse matuta, kipenyo kinakuwa 693, yaani asilimia 6 zaidi. Mshale ukisema 80 unakwenda karibu 85, na kikomo cha Expressway ni 80. Spidi gavana (kifaa cha kudhibiti mwendo) inayopokea taarifa kutoka chanzo kilekile cha mshale nayo itadanganyika, kwa hiyo baada ya kubadilisha saizi ya tairi mwambie aliyeifunga aipime upya. Hata ratiba ya kubadilisha mafuta ya injini itaathirika: kilomita 5,000 za dashibodi ni 5,300 barabarani. Tairi iliyolika, kinyume chake, humfanya mshale azidishe kwa takriban asilimia 2.

Mshale unaotikisika kati ya 20 na 40 kisha ukatulia ni suala la kebo, si la saa, na GPS haina msaada hapo. Usikubali kuuziwa dashibodi nzima ya mtumba kwa ajili hiyo. Fungua nati nyuma ya saa, vuta waya wa ndani wote, ufute kwa mafuta ya taa. Uviringishe juu ya kipande cha kioo kwa kiganja: ulionyooka hubingirika kimya, uliopinda huruka na kugonga, na huo hautengenezwi, unabadilishwa. Angalia pia ncha zake za mraba kama zimeliwa zikawa duara. Ukirudisha ganda la kebo, lisipindwe kwa kona kali. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 ndiyo mwisho.

Paka grisi nyepesi kwenye theluthi mbili za chini tu, na theluthi ya juu iache kavu. Grisi ikizidi, mzunguko wa waya huipandisha hadi ndani ya saa, ikagandamanisha sumaku na kikombe chake, na mshale ukaruka hadi mwisho gari ikiwa inajikokota kwenye foleni.