Nissan NV200 ya kazi: nilivyochagua milango miwili ya nyuma

Mimi ni seremala Mombasa, mizigo yangu ni makabati, vitanda na mbao. Gari nilikuwa nimeshaliamua: NV200, gari dogo la mizigo la Nissan, kwa sababu sakafu yake iko chini, kama nusu mita tu kutoka ardhini, na nyuma panalala kitu cha mita 2. Kilichonipa kazi ni mlango wa nyuma. Zilizotoka Japani nilizoonyeshwa zilikuwa na mlango mmoja wa kunyanyua juu. Za Uingereza zilikuwa na miwili ya kufungua kando, mmoja mpana, mwenzake mwembamba. Usukani wote ni kulia. Injini nazo ni tofauti, petroli ya 1.6 kwa dizeli ya 1.5, lakini hayo yana siku yake.

Nilichukua ya milango miwili, na kabla ya hapo nilibeba mizigo kwa gari la fundi mwenzangu lenye mlango wa kunyanyua, kwa hiyo nasema kwa niliyoyaona.

Mlango wa kunyanyua una sifa moja kubwa sana: ni paa. Masika ikishika, unashusha kochi la kitambaa huku wewe na kochi mko chini ya kivuli chake. Jua la Februari vilevile. Tena una kioo kipana, rivasi unaiona vizuri. Ila unataka nafasi nyuma, kama mita nzima, na jamaa aliyeegesha kwenye bampa yako hajui hilo. Kwenye feri ya Likoni, magari yakishabanana, huo mlango usahau mpaka ng'ambo. Shoki zake za gesi nazo zikichoka, mlango unakushukia kichwani ukiwa umeinama na droo mikononi. Kijana wangu ni mfupi, kuuvuta chini ilikuwa lazima mlango ufungwe kamba ya kuvutia.

Milango miwili ndiyo inayofanana na kazi yangu. Mji wa Kale, kwenye vichochoro, nafungua ule mpana peke yake na kabati linatoka. Nikiwa na nafasi, nafyatua kizuizi cha bawaba na milango inafunguka nyuzi 180, mmoja kila upande, nyuma panabaki wazi kabisa. Na mbao! Mbao ya futi 10 ni zaidi ya mita 3, na gari langu lina ukuta wa chuma nyuma ya viti, kwa hiyo lazima ichomoze. Nafunga mlango mwembamba, naacha mpana, nafunga mzigo kwa kamba pande mbili na kitambaa chekundu mwishoni. Kwa mlango wa kunyanyua ingebidi wote uning'inie njia nzima, na moshi wa injini ukivutwa ndani. Hata hivyo safari ndefu siendi hivyo. Mbao nyingi napandisha keria ya juu.

Sasa kasoro zake, na hizi zichukulie kwa uzito. Upepo wa kusi ukivuma, mlango ulioachwa bila kushikizwa unarudi kwa nguvu, ukakuvunja vidole. Mvua hauzuii hata tone. Natembea na turubai. Gari langu halina vioo nyuma, basi kamera ya rivasi niliiweka kabla ya kuanza kazi, na naiona ni lazima. La hatari zaidi ni usiku: milango ikifunguliwa mpaka mwisho inafunika taa za nyuma. Ukishusha mzigo kando ya barabara ya Malindi, anayekuja nyuma haoni indiketa zako. Mimi huweka pembetatu kwanza, ndipo nashika komeo.

Anayeuza mikate au nguo, mizigo midogo ya kuingiza mikono na kutoa, nitamwambia achukue wa kunyanyua bila kusita. Fundi wa mbao, vigae au mabomba, tafuta ya milango miwili, na ukienda kuikagua fungua bawaba zote mpaka mwisho uangalie kutu: chumvi ya pwani huanzia hapo.