Kontena la mtumba lenye sola kwa kuishi shambani: lipi la kwanza, lipi la kuacha

Anayekuuzia kontena lenye sola anakuuzia vitu viwili ambavyo havizeeki kwa kasi moja. Chuma kikitunzwa hudumu miaka mingi. Betri iliyomo ndani huenda imeshakufa, na taa bado zinawaka kwa sababu umeitwa kuangalia saa sita mchana, jua liko utosini na paneli ndizo zinazobeba mzigo. Kwa hiyo bei yoyote utakayotajiwa ipasue vipande viwili, boksi upande wake na umeme upande wake. Betri ambayo haijapimwa mbele ya macho yako ihesabie sifuri, hata kama inang'aa.

Mpangilio huu unamfaa mtu mwenye shamba au kiwanja mbali na nguzo za umeme, mwenye bajeti ndogo, anayetaka mahali pa kulala, taa, chaji ya simu, TV, feni na labda friji ndogo.

1. Kontena tupu la futi 20, sola ukaifunga mwenyewe

Hili ndilo la kwanza kwa watu wengi. Ndani lina urefu wa mita 5.9, upana 2.35 na kimo karibu 2.39, yaani mita za mraba kama 14. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 hadi 2.3, kwa hiyo lori lenye kreni yake hulibeba na kulishusha bila kuita mtambo mwingine. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna kilichofichwa: hakuna dari, hakuna rangi ya jana, kutu unaiona kwa macho.

Kwenye yadi za Kurasini (Dar es Salaam) au Changamwe (Mombasa) utasikia madaraja. Lile la "safari moja" ni karibu jipya na bei yake ni ya jipya. Lile linaloruhusiwa bado kupanda meli ni imara, ila unalipia ruhusa ambayo wewe huihitaji. Daraja linalokutosha ni lile lisilopitisha upepo wala maji. La "kama lilivyo" liache, isipokuwa una fundi wa kuchomelea ndani ya familia.

Ukaguzi hauhitaji vifaa vingi. Ingia ndani mchana wa jua kali, waambie wakufungie milango, subiri dakika mbili macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila kitundu kitaonekana kama nyota. Kisha panda paani. Bati la paa ni la unene wa milimita 2 hivi, na penye bonde maji hutuama na kutu huanza hapo. Gonga kwa bisibisi, ikizama achana nalo. Chungulia chini ya sakafu: vyuma vya kukingama vinavyoshikilia mbao huliwa na kutu kabla ya kitu kingine chochote, hasa kama kontena liliwahi kukaa moja kwa moja juu ya udongo. Milango ifunguke kwa mkono wa mtu mmoja. Ikigoma, kontena limepinda, au linakaa mahali pasipo sawa; omba liwekwe sawa kisha ujaribu tena.

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 28 iliyotiwa dawa ya wadudu kiwandani. Kibati kilichopigwa kwenye mlango, kwa kawaida wa kushoto, huonyesha mwaka wa kutengenezwa, uzito wa juu unaoruhusiwa na mara nyingi jina la dawa hiyo. Kama sakafu ina madoa ya mafuta au harufu kali ya kemikali, usijidanganye kwamba itaisha ukipiga deki. Ama ing'oe, ama nenda kontena lingine.

2. Kontena lililogeuzwa tayari, lenye madirisha na sola

Mengi ya haya hutoka kwenye kambi za ujenzi na ofisi za miradi. Likiwa zima linakuokoa wiki kadhaa za kazi ya mafundi, na lingeshika nafasi ya kwanza kama lisingekuwa na mambo mengi ya kufichika.

Kuta zile za mikunjo ndizo zinazobeba paa. Ukikata dirisha kubwa au mlango wa pembeni bila kuzungushia fremu ya skwea paipu ya chuma, paa hulegea taratibu. Simama mbali, ulinganishe mstari wa juu wa ukuta na jicho lako. Ukiona tumbo juu ya dirisha, fremu haipo au ni nyembamba. Halafu mwombe muuzaji afungue kipande kimoja cha dari na kimoja cha ukuta karibu na sakafu. Nyuma ya dari ndiko kutu na unyevu hujificha, hasa sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, ambako bati hutoa jasho usiku na maji hutiririka ndani ya ukuta. Akikataa kufungua, punguza bei kana kwamba umeshaikuta kutu.

La tatu ni waya wa ardhini. Unalala ndani ya chuma: waya mmoja wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ukichubuka na kugusa ukuta, nyumba nzima inakuwa na umeme. Tafuta waya wa kijani na njano unaounganisha mwili wa kontena, inveta na fimbo iliyopigwa ardhini, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Visipokuwepo, ingiza gharama yake kwenye mazungumzo ya bei na usilale humo kabla havijafungwa.

3. Kontena la baridi (rifa) ambalo mashine yake imekufa

Kwa joto la pwani, hili ni zuri kuliko bei yake inavyosema. Kuta zake zina povu la kuzuia joto tangu kiwandani, wakati kontena la kawaida linahitaji paa la pili la mabati, lililoinuliwa angalau sentimita 30 ili hewa ipite, ndipo mtu aweze kukaa ndani mchana. Ubaya wake: ni zito zaidi, sakafu ni ya mifereji ya alumini inayotaka kufunikwa mbao, na ukikata dirisha hutakiwi kuchomelea karibu na povu kwa sababu linashika moto na moshi wake ni sumu. Gesi ya mashine itolewe na fundi wa friji kabla ya kung'oa chochote.

Rifa pia halipitishi hewa kabisa. Jiko la mkaa ndani yake ni kifo, na kwa makontena mengine yote hukumu ni ileile: mkaa unapikiwa nje.

4. Futi 40 la kimo cha juu

Kimo cha ndani karibu mita 2.7 kinatoa nafasi ya dari yenye kuzuia joto, na familia inaenea. Lakini ni tani karibu 4 na urefu wa mita 12.2, linataka semi-trela, kona pana na kreni kubwa zaidi. Barabara nyingi za kuingia mashambani hazilipitishi. Kama lori la mchanga hugeuka kwa shida pale kwako, nunua mawili ya futi 20.

5. Tela lenye boksi

Linamfaa anayehama tu: mfugaji wa nyuki, fundi wa visima, muuza chakula wa minadani. Angalia ekseli, springi, na tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mbao za chini ya boksi huoza kuanzia kwenye pembe. Paneli zilizolazwa juu ya tela hutikiswa barabarani hadi vioo au seli zinapasuka, na betri mbili za kilo 60 zikiwekwa nyuma ya ekseli hulifanya liyumbe. Kadi ya usajili na namba ya chesisi zilingane. Zisipolingana, usitoe hata pesa ya mtumba wa nguo.

Kupima sola kabla ya kutoa pesa

Nenda na mita ya fundi ya kupimia umeme (multimita) yenye uwezo wa ampea 10 za umeme wa betri. Paneli zenye mkondo mkubwa zaidi, kama nyingi za wati 400 kwenda juu, zinataka mita ya kubana waya.

Paneli ndiyo mtumba salama kuliko vyote, kwani hupoteza nguvu kidogo sana kwa mwaka. Igeuze kwanza: plastiki ya nyuma isiwe na nyufa wala alama za kuungua, na kioo kilichopasuka hakitengenezeki. Kisha ing'oe kwenye mfumo na upime volti zake juani. Paneli ya seli 36 hutoa volti 21 au 22, ya seli 60 hutoa kama 37, na joto la mchana hupunguza kama sehemu moja ya kumi. Ukikuta ya seli 60 inatoa volti 25 au pungufu, theluthi moja ya seli zake haifanyi kazi. Mara nyingi ni dayodi iliyoungua kwenye kijisanduku cha nyuma. Pima pia ampea kwa kuunganisha waya zake mbili kupitia mita, jua likiwa wazi: zikipungua kwa robo ya kilichoandikwa, ilipie kama paneli ndogo. Na usiamini maandishi peke yake. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200. Kibandiko cha wati 400 kwenye paneli ya ukubwa wa mita moja ya mraba ni uongo.

Betri ya risasi ina mtihani rahisi zaidi: uzito. Ya volti 12 na ampea-saa 200 (kipimo cha ujazo wa betri) huwa na kilo 55 hadi 65. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja, haina risasi ya kutosha ndani. Kisha chomoa waya wa paneli, subiri nusu saa, pima kila betri peke yake. Iliyojaa husoma 12.7, nusu 12.2. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.2, moja inazivuta nyingine chini. Washa mzigo wa wati 100 kwa saa nzima. Betri ya ampea-saa 200 iliyo nzima haisumbuki, lakini mbovu itashuka chini ya 12 kabla hamjamaliza chai. N70 au N100 za gari hazihesabiki hapa: zimetengenezwa kuwasha injini, na ukizimaliza kila usiku hazifiki mbali.

Ya lithiamu, volti hazikuambii kitu, kwa sababu hukaa 13 na ushei karibu muda wote. Kipimo ni kuijaza kisha kuimaliza. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, kwa hiyo mzigo wa wati 100 moja kwa moja, bila inveta, uende kama saa 12. Ikidumu saa 6 tu, lipia nusu. Iliyovimba, au iliyokwanguliwa namba, iache; nyingine huibwa kwenye minara ya simu, na polisi wakija hawamtafuti dalali.

Chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) nyingi huandikwa MPPT, aina inayovuna nguvu zote za paneli, na si MPPT. Betri ikiwa haijajaa na jua likiwaka, pima volti kwenye waya wa paneli. Zikilingana na za betri, ni PWM, ile aina ya bei rahisi, na paneli ya seli 60 kwenye betri ya volti 12 inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Inveta nayo ipimwe ikiwa imewashwa bila mzigo: ikila wati 50 hivyo hivyo tu, siku nzima ni wati-saa 1,200, chakula cha nyumba nzima.

Nyumba hiyo inahitaji kiasi gani? Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 140. TV ya wati 30 kwa saa nne, 120. Feni ya wati 30 usiku kucha, 240. Simu 30. Friji ndogo ya umeme wa betri, kama 450. Jumla ni karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Piga hesabu ya saa nne za jua zuri na upotevu wa asilimia 30: paneli za wati 400. Ili kuvuka siku na nusu ya mawingu, betri ya risasi ya ampea-saa 250 kwa volti 12 (hutumii zaidi ya nusu yake), au lithiamu ya 150. Kama kontena unalolinunua lina chini ya hapo, usilipie neno "sola". Na usichanganye betri kuukuu na mpya. Mpya ndiyo itakayofuata tabia ya kuukuu.

Mfumo wa kulipia kidogo kidogo kwa simu usinunue mpaka muuzaji aonyeshe deni limeisha na umefunguliwa kabisa. Usipolipwa, hufungwa kwa mbali.

Karatasi na usafiri

Kontena lililoingia na mzigo lilikuja kwa muda. Likibaki nchini kuwa nyumba, ushuru wake lazima uwe umelipwa, kwa hiyo dai nyaraka za forodha zenye namba ileile iliyo mlangoni: herufi nne, ya mwisho ikiwa U, kisha tarakimu saba. Dai pia risiti ya kodi ya kielektroniki: ya EFD kwa Tanzania, ya eTIMS kwa Kenya. Uliza pia halmashauri au kaunti kama linahitaji kibali cha ujenzi.

Kabla lori halijafika, tayarisha nguzo fupi nne za zege chini ya pembe nne, zipimwe kwa bomba la maji. Mkono wa kreni ukinyooka sana hupoteza nguvu, kwa hiyo lori lazima lisogee karibu. Kata matawi na angalia nyaya. Likishushwa, fungua na ufunge milango yote miwili kabla dereva hajawasha gari. Ikikaza, pembe moja iko chini, na kreni ikiwa bado hapo kuingiza kibati cha chuma ni kazi ya dakika kumi.