Hija ya Pugu: kosta hii msipande, kilimani nendeni

Tulilipa nauli ya kwenda na kurudi, Tabata mpaka Kituo cha Hija Pugu, na kwa simu walituhakikishia kwamba gari linafika mlangoni kabisa. Tulipofika Kajiungeni dereva akazima injini, akasema mwisho wa gari ni hapo. Nilikuwa nimemsindikiza bibi jirani yetu, Mkatoliki, anayetembelea mkongojo, kwa kuwa wajukuu zake walikuwa kazini. Bibi akauliza kwa upole, "Baba, si tulielewana mpaka kituoni?" Konda, kijana mdogo kabisa, akamjibu, "Bibi, si umekuja kuhiji? Hiji kwa miguu." Akamtupia kapu lake vumbini. Chupa ya maji ikapasuka.

Gari kuishia njiani ningesamehe. Foleni ya Gongo la Mboto sote tunaijua, na kosta nyingi ni mbovu. Ila kauli ile, kwa mama wa umri ule, mbele za watu! Jina lao silitaji, wakisoma watajijua.

Tukapata bajaji. Mimi ni Mwislamu, sikuwahi kukanyaga pale, na nilipanga kukaa kivulini mpaka Bibi amalize. Akaniomba nimshike mkono kwenye Njia ya Msalaba, vile vituo vya sala vya kukumbuka mateso ya Yesu, kwa sababu ya mwinuko. Basi tukaenda kituo kwa kituo, yeye akisali, mimi nikisimama kimya. Kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene, huko Libya ya leo, aliyeshikwa njiani akabebeshwa msalaba wa Yesu. Bibi akanigeukia. "Huyu alikuwa anapita zake tu, mwanangu. Kama wewe." Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Tulipopumzika akanisimulia. Wabenediktini, shirika la watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, walifika Pugu mwaka 1888, misheni yao ya kwanza nchini, wakapokea na watu waliokombolewa utumwani. Januari 1889, pwani ikiwa imewaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Vita ile mimi nilifundishwa shuleni kwa fahari, na bado naamini Wajerumani hawakuwa na haki na pwani yetu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna sista alikufa hapa, kilomita chache tu kutoka uwanja wa ndege ninaopita kila siku. Wabenediktini wangeweza kufunga virago moja kwa moja. Badala yake shirika lilirudi, likaenda kusini, likaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Mimi nimezaliwa hospitali ya Ndanda. Mama yangu, Mwislamu wa Masasi, alipokelewa pale bila kuulizwa dini. Nilikaa nalo hilo muda mrefu.

Bibi akaongeza kwamba Mwalimu Nyerere naye alifundisha Pugu mpaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Alilisema kwa furaha kama vile alikuwa darasani kwake.

Basi niseme nini kuhusu huduma? Kuna dakika, pale juu, nilitaka kuwapa nyota zote, maana bila safari yao nisingefika. Bibi mwenyewe aliniambia niwasamehe, na nilimwitikia. Kisha jioni tukashuka Kajiungeni, kosta haipo. Simu haipokelewi. Bibi alisimama kwenye daladala lililojaa mpaka mwanafunzi mmoja wa sare akampisha kiti. Hapana, nyota moja, na hiyo ni kwa heshima ya Bibi.

Nauli yangu kaeni nayo. Ya Bibi irudisheni, yote, na huyo konda ailete mwenyewe kwa mkono wake, aombe radhi. Namba yangu mnayo.