Nililipia kumjua Áedán, nikauziwa Arthur

Naandika bado nina hasira. Miezi kadhaa iliyopita nililipia ziara ya siku nzima kwenda kilima cha Dunadd, huko Argyll, magharibi mwa Uskoti. Tangazo liliahidi "wafalme wa Dál Riata", ufalme wa kale wa eneo hilo. Mimi nilimfuata mmoja: Áedán mac Gabráin, aliyeshika utawala mwaka 574.

Tangu tunapanda basi, mwongozaji wimbo wake ni Arthur tu, yule mfalme wa hadithi. Meza ya duara, upanga, basi. Eti kwa sababu Áedán alikuwa na mwana aitwaye Artúr. Ni kweli, alikuwa naye. Lakini kijana huyo aliuawa vitani kabla hajaonja ufalme, na Adomnán, abati wa monasteri ya kisiwa cha Iona, alimtaja kwa maneno machache tu, karibu miaka mia baadaye.

Kileleni nikamuuliza kwa adabu: mbona husemi habari za Eochaid Buide, mwana mwingine wa Áedán? Maana kisa ndicho hicho! Columba, yule mtawa mtakatifu wa Iona, alimuuliza Áedán ni nani atakayemrithi. Áedán akasema hajui ni yupi kati ya wanawe watatu. Columba akamjibu kuwa si yeyote kati yao, wote wataangushwa na adui. Walete wadogo, atakayenikimbilia mapajani ndiye mfalme. Eochaid akaja mbio. Ufalme ukabaki kwa ukoo wa Cenél nGabráin kupitia mtoto huyo. Mtu unaachaje kisa kama hicho?

Yule bwana akanitazama toka viatuni mpaka kofiani, akasema mbele ya watu wote: "Majina hayo hayakuhusu, hata kuyatamka huwezi." Nilikuwa nimeyatamka sasa hivi! Akanipa mgongo, akarudi kwenye upanga wake.

Nusura nishuke kilima. Lakini nikavua kiatu, nikaweka mguu kwenye ule wayo uliochongwa mwambani, ambapo inaaminika wafalme walitawazwa. Najua jiwe linaloonekana ni nakala iliyofunika lile la asili ili lisiharibike. Haidhuru. Chini yangu tambarare yote ya Mòine Mhòr, mto Add unajipindapinda kuelekea baharini, upepo unanipiga usoni. Machozi yalinilengalenga. Dakika ile ningewapa nyota tano na kumsamehe kila mtu.

Halafu tukiwa njiani kurudi, bwana yule anatangaza kwamba Áedán hakuwahi kushindwa. Hakuwahi? Na vita vya Degsastan, mwaka 603, Æthelfrith, mfalme Mwingereza wa Northumbria, alipolisambaratisha jeshi lake? Bede, mtawa na mwanahistoria Mwingereza, aliandika kwamba tangu siku hiyo hadi zama zake hakuna mfalme wa Waskoti aliyethubutu kupigana na Waingereza. Nilinyamaza, maana nilishajua nitajibiwa nini.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya dereva, aliyekuwa mpole. Hapana. Moja. Kilima chenyewe kiko wazi mwaka mzima, hakina kiingilio. Nitarudi peke yangu.